Aliachwa kwa barua pepe, akawaita wanawake 107 waisome

Kwa zaidi ya miaka 40 msanii Mfaransa Sophie Calle amefanya sanaa kwa kitu ambacho wengi wetu tunakificha chini ya mto: mapenzi yake, aibu zake na machozi yake. Mhariri wako, ambaye naye aliachwa kwenye mataa hivi karibuni, alikaa na kazi za dada huyu na kutoka na jibu ambalo hakulitegemea.

Ilikuwa Jumanne, saa 4 asubuhi, niko kazini na kikombe cha chai mkononi. Simu ikalia ule mlio mfupi wa meseji. Nikaifungua huku natabasamu, maana jina lilikuwa la mtu wangu wa miaka 4, yule ambaye washenga wake tulikuwa tunawasubiri nyumbani mwezi uliofuata. Meseji ilikuwa ndefu. Ilianza na "nimefikiria sana", ikaishia na maneno mawili: "Jitunze sana."

Msomaji wangu, kama umewahi kupigwa kibuti unajua "jitunze sana" ya namna ile inamaanisha nini. Ni mlango unaofungwa taratibu ili majirani wasisikie.

Sasa nisikudanganye. Nilichofanya ndicho wanachofanya wengi siku hizi. Nilipiga skrinshoti nikawatumia mashosti zangu watatu, jina lake na picha yake vikiwa juu kabisa. Watatu wakawa kumi. Kufikia saa 2 usiku meseji ilikuwa imefika kwa mdogo wake wa kike, na kesho yake kazini kwake waliisoma kwa sauti kwenye meza ya chakula cha mchana. Kwa siku mbili nilijiona mshindi. Siku ya tatu nikaanza kusikia aibu ambayo sikuielewa, maana aliyeonewa si ni mimi?

Nikiwa katika hali hiyo, rafiki yangu aliyesoma Paris akaniwekea kitabu kizito mapajani. "Huyu naye aliambiwa ajitunze," akasema. "Angalia alichofanya." Nilikaa nacho wiki nzima, kisha nikatafuta vingine. Na nikagundua kwamba swali lililokuwa linanisumbua mimi kwa siku tatu, Sophie Calle amekuwa akigombana nalo tangu mwaka 1979.

KITANDA CHENYE WAGENI 28

Sophie alizaliwa Paris mwaka 1953. Baba yake alikuwa daktari wa saratani na mkusanyaji wa kazi za sanaa, hivyo picha za kisasa ukutani hazikuwa kitu kigeni kwake. Lakini binti mwenyewe hakusomea sanaa. Alipomaliza shule alizunguka dunia kwa takriban miaka 7, na aliporudi Paris mwaka 1979 alijikuta mgeni katika mji wake mwenyewe. Hana kazi ya maana, marafiki wametawanyika, na asubuhi akiamka hajui aelekee wapi.

Basi akaanza kuwafuata watu barabarani. Si kwa nia mbaya. Anamchagua mpita njia yeyote, anamfuata nyuma anakokwenda, anapiga picha, anaandika. Wao walikuwa na pa kwenda, yeye hana, kwa hiyo aliazima safari zao.

Mwezi wa Aprili mwaka huohuo akaja na wazo jingine. Aliwaomba watu, wengine marafiki, wengine hawajui kabisa, waje kulala kwenye kitanda chake kwa zamu za saa 8 hivi. Akilala huyu, akiamka anaingia mwingine, kitanda kisikae wazi. Walikuja 28. Yeye alikaa pembeni kwenye kiti, anapiga picha kila baada ya saa moja na kuandika waliyosema. Usifikirie vingine, msomaji; hapakuwa na mambo ya mapenzi pale. Kilichokuwepo ni ule ukaribu wa ajabu wa kumtazama mtu usiyemjua akiwa amelala, mdomo wazi, amekuamini.

Na hapo ndipo bahati yake ilipofunguka. Mmoja wa waliolala alikuwa mke wa mkosoaji wa sanaa. Mke akaenda kumsimulia mumewe, mume akaja kujionea, na kazi ile ikaingia kwenye maonyesho makubwa ya wasanii vijana pale Paris mwaka 1980. Sophie mwenyewe amesema mara nyingi kwamba ni yule bwana aliyeamua kuwa yeye ni msanii. Yeye alikuwa anatafuta tu namna ya kumaliza siku.

WIGI, KAMERA NA NDOO YA USAFI

Mwanzoni mwa mwaka 1980 alimfuata mwanaume mmoja mtaani Paris akampoteza kwenye umati. Jioni hiyohiyo, kwa bahati tu, akatambulishwa kwake kwenye hafla. Katika mazungumzo jamaa akasema anapanga kwenda Venice. Wewe ungesema "safari njema". Sophie alifunga begi akamfuata hukohuko, Italia! Alivaa wigi la nywele za njano na miwani myeusi, akapiga simu hoteli moja baada ya nyingine akiuliza kama bwana huyo amefikia hapo, akazurura kwenye vichochoro na madaraja akimpiga picha mgongoni. Mwishowe jamaa akamtambua. Hakuna kilichotokea baina yao. Kazi hiyo, *Suite vénitienne*, ni hadithi ya mapenzi isiyo na mapenzi ndani yake. Nikiisoma nilikumbuka siku zile nilizokaa naangalia mtu alikuwa "mtandaoni" mara ya mwisho saa ngapi. Yeye angalau alitoka nje akatembea.

Mwaka uliofuata, 1981, alirudi Venice akaomba kazi ya muda ya kusafisha vyumba hotelini. Kwa wiki 3 alikuwa na vyumba 12 vya kutandika. Asubuhi wageni wakitoka, anaingia na ndoo na fagio, na kamera imefichwa. Anafungua masanduku, anasoma shajara na kadi za posta, anapiga picha nguo za kulalia na viatu. Kila chumba akakiandikia ripoti kavu kabisa, kama askari anaandika maelezo kituoni.

Mwaka huohuo akajigeuzia kibao. Alimwomba mama yake aende kwa kampuni ya upelelezi amkodie mpelelezi wa kumfuata yeye, Sophie, siku nzima mjini Paris. Mpelelezi hakujua kwamba anayefuatwa anajua. Jioni zikapatikana habari mbili za siku moja: shajara ya mwanamke aliyemwongoza mtu asiyemjua kwenye sehemu anazozipenda, na ripoti ya mwanaume aliyeona mwanamke tu anaingia, anatoka, anavuka barabara.

Ziweke pamoja habari hizo mbili, na utaelewa mtindo wake wote. Picha na maandishi mafupi ubavuni mwake. Kanuni aliyojiwekea kabla ya kuanza. Lugha isiyolia. Na msomaji anabaki katikati, hajui amwamini nani.

KIJITABU ALICHOOKOTA

Hapa ndipo nilipojiona mimi.

Mwaka 1983 Sophie aliokota kijitabu cha anwani barabarani Paris. Akakitoa nakala kurasa zote, kisha akamrudishia mwenyewe kwa posta bila kujitambulisha. Baada ya hapo akaanza kuwapigia simu watu waliokuwemo, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wamsimulie kuhusu mwenye kijitabu. Yukoje? Anapenda nini? Anaishi vipi? Wengine walikataa. Wengi wakasema. Na yote hayo yalichapishwa kwa mfululizo katika gazeti la *Libération*, sehemu 28 kiangazi kile, Ufaransa nzima ikisoma habari za bwana ambaye mwenyewe alikuwa safarini.

Aliporudi, jamani, moto uliwaka. Alikasirika, akatishia kwenda mahakamani, na kwa kulipiza akataka gazeti lichapishe picha ya utupu ya Sophie, ili naye aonje kuvuliwa nguo hadharani. Sophie akakubali kwamba kazi ile haitatolewa tena bwana huyo akiwa hai. Kitabu kamili kilitoka mwaka 2012, yeye akiwa ameshafariki.

Nilifunga ukurasa nikakaa kimya. Kwa sababu yule bwana hakumkosea Sophie chochote. Alidondosha kijitabu tu. Na marafiki zake, wengi wao, walimsema kwa upendo. Lakini hakuombwa. Hicho ndicho kilichomuumiza, na nilipokifikiria nikaiona picha ya mtu wangu wa miaka 4 ameshika sahani ya chakula cha mchana, anasikia maneno yake yanasomwa nyuma ya mgongo wake. Yeye alinikosea, ndiyo. Kwa namna ile ya kuniambia kwa meseji, alinikosea. Lakini dada yake alinikosea nini? Wafanyakazi wenzake yaliwahusu nini?

SIMU NYEKUNDU, CHUMBA NAMBA 261

Mwaka mmoja baadaye zamu ya kuumizwa ikafika kwa Sophie mwenyewe.

Mwaka 1984 alipata ufadhili wa miezi 3 wa kwenda Japani. Mwanaume aliyempenda alimwambia wazi kwamba hajui kama ataweza kusubiri muda wote huo. Sophie akaenda hivyohivyo, tena kwa njia ndefu, kwa treni kupitia Urusi na China, kana kwamba anamjaribu. Wakapanga wakutane New Delhi, India, mwezi wa Januari 1985 safari ikiisha.

Alipofika Delhi akakuta ujumbe: mwenzake hawezi kuja, yuko hospitali Paris. Akaingia chumba namba 261 cha Imperial Hotel, akahangaika na simu kwa saa nyingi akidhani mtu amepata ajali mbaya. Alipompata, ikawa kwamba hospitali alienda kwa ajili ya kidole tu. Ukweli ulikuwa mwingine: amepata mwanamke mwingine. Mazungumzo yalikwisha kwa dakika chache. Akabaki amekaa kitandani anaitazama simu, simu nyekundu. Baadaye alipiga picha ya kitanda kile na simu ile, na ni picha ambayo ukishaiona huisahau.

Sasa sikiliza alichofanya aliporudi Paris. Watu walipomuuliza "safari ilikuwaje?", hakusimulia safari. Alisimulia chumba 261. Kisha akamuuliza kila aliyemsikiliza swali moja: wewe, ni lini uliumia kuliko siku zote? Akaamua ataendelea hivyo mpaka hadithi yake imchoshe mwenyewe, au mpaka aione ndogo mbele ya za wengine. Ilimchukua miezi 3. Kisha akaziweka karatasi hizo kando, akiogopa zisimrudishe kulekule alikotoka. Alizifungua tena baada ya miaka 15.

Kazi iliyozaliwa inaitwa *Douleur exquise*, na jina hilo ni msemo wa kitabibu wa maumivu makali yanayojulikana hasa yalipo. Nusu ya kwanza ni picha na vitu vya safari, kila kimoja kimegongwa muhuri wa siku zilizobaki kabla ya huzuni: 92, 91, 90... Anacheka kwenye picha na wewe unajua anaelekea wapi. Nusu ya pili ni vitambaa vilivyotariziwa maneno. Upande mmoja hadithi yake ya Delhi, ileile, inarudiwa siku baada ya siku. Upande wa pili hadithi ya mtu mwingine: kifo cha mtoto, barua, simu ya usiku. Na kadiri unavyosogea, hadithi ya Sophie inazidi kuwa fupi na uzi wake unazidi kufifia, mpaka maneno hayaonekani tena. Hakuna anayekuambia kwamba amepona. Unaona uzi umeisha rangi.

NDOA YA KWENYE GARI

Usidhani baada ya hapo alijifunza kuchagua. Mwaka 1992 alisafiri kutoka New York kwenda California ndani ya Cadillac kuukuu na mwanaume Mmarekani, Greg Shephard. Uhusiano ulikuwa unayumba, wote wanajua. Kila mmoja akashika kamera yake ya video, na kila mmoja akaisimulia kamera yake yale ambayo hakumwambia aliyekaa kiti cha pili. Sophie analalamika kwa Kifaransa kwamba usiku umepita tena bila kitu. Greg anawaza gari lake linaloharibika kila mara. Las Vegas wakafunga ndoa bila hata kushuka kwenye gari, kwenye dirisha la huduma ya haraka!

Filamu hiyo inaitwa *No Sex Last Night*, na ndoa haikudumu. Mimi ningependa kila wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa waitazame. Watu wawili, gari moja, barabara moja, na filamu mbili tofauti vichwani mwao. Wangapi tunaishi hivyo, tena ndani ya nyumba ya vyumba vitatu?

BARUA INAFIKA VENICE

Tufike sasa kwenye kitabu nilichowekewa mapajani.

Sophie, akiwa ameshavuka miaka 50, alipokea barua pepe kutoka kwa mpenzi wake, mwandishi. Ni barua ya kuachana, imeandikwa kwa ufundi, ndefu, yenye kujitetea. Inamalizika na maneno ya kumtakia ajitunze. Hakujua ajibu nini. Basi akaamua kutii: atajitunza. Na namna yake ya kujitunza ikawa kuwapelekea barua ile wanawake 107 aliowachagua kwa kazi zao, na kumwomba kila mmoja aisome kwa utaalamu wake.

Msahihishaji wa maandishi akaichambua sarufi na marudio yake. Mwanasheria akaitazama kisheria. Mhasibu kihesabu. Mlenga shabaha akaiweka mbele ya bunduki akaitoboa kwa risasi. Jeanne Moreau, mwigizaji mkongwe wa Ufaransa, akaisoma mbele ya kamera. Mwanamuziki Laurie Anderson naye yumo, na mama mzazi wa Sophie yumo. Miongoni mwa hao 107 wawili walikuwa vikaragosi vya mbao na mmoja alikuwa kasuku, ambaye aliichukua karatasi kwa mdomo akaitafuna. Nadhani hakuna aliyeielewa zaidi ya huyo.

Mwaka 2007 kazi hiyo, *Prenez soin de vous*, yaani "Jitunze", ilijaza jengo la Ufaransa kwenye yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Mji uleule aliokuwa akizurura na wigi mwaka 1980! Wa kumsaidia kupanga maonyesho yake alimtafuta kwa tangazo gazetini, na aliyempata akawa Daniel Buren, mmoja wa wasanii wakubwa wa Ufaransa.

Kwa mbali kazi hii inaonekana kama skrinshoti yangu tu, sema yangu ilikuwa na mashosti watatu na yake ilikuwa na 107. Nami mwanzoni nilishangilia hivyo: kumbe, hata wakubwa wanafanya! Lakini nilipoisoma taratibu niliona tofauti. Kwanza, jina la mwanaume halipo. Barua ipo, mtu hayupo. Pili, wale wanawake hawakuitwa kumtukana. Waliitwa kufanya kazi zao. Ukiendelea kuwasoma, katikati hivi unamsahau kabisa huyo bwana, hata unamsahau Sophie, unabaki unawatazama wanawake hao jinsi wanavyofikiri. Barua iliyoandikwa kwa mtu mmoja ikawa haina nguvu tena, kama shuka iliyofuliwa mara nyingi.

Je, hilo linamaliza maneno? Hapana. Maneno yalikuwa ya yule bwana, na yaliwekwa ukutani dunia ikayasoma. Wapo wanaosema jina kulificha hakutoshi, na mimi siwezi kuwabishia sana. Ila namwona Sophie wa 2007 kama mtu aliyewahi kukalia kiti cha 1983, akajua kiti kile kina miiba.

KAMERA PEMBENI YA MAMA

Kuna kazi nyingine aliyoionyesha Venice mwaka huohuo, na kwangu ndiyo inayonifanya nimwamini.

Mama yake, Monique, alifariki mwaka 2006. Alikuwa mwanamke aliyependa kutajwa na kutazamwa, na ilimuudhi kwamba binti yake anawafanyia kazi watu baki wote isipokuwa yeye. Alipougua, Sophie aliogopa kwamba akitoka chumbani hata dakika chache atakosa neno la mwisho. Akaweka kamera mbele ya kitanda. Mama hakukasirika. Alifurahi, kana kwamba anasema hatimaye zamu yangu imefika. Na alipojua kuhusu mwaliko wa Venice, alisikitika kuwa hatakuwepo.

Filamu hiyo ni ya dakika chache, na jina lake linakiri kushindwa: kwamba hakuweza kukishika kifo. Unamwona mama amelala, watu wanamwinamia, wanasikiliza pumzi, hawana hakika. Hata walio chumbani hawakujua ni sekunde ipi. Basi mama akawepo Venice, kama alivyotaka. Mwaka 2008 Sophie alisafiri hadi maeneo ya barafu ya kaskazini mwa dunia akaacha huko vito vya mama yake, kwa sababu mama alitamani kufika na hakufika.

Angalia tofauti na mwenye kijitabu. Huyu alitazama kamera akaikubali.

HESHIMA ZIMEKUJA, UKUTA UMEHAMA

Kuanzia hapo heshima zikamfuata. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya Hasselblad ya upigaji picha, na mwaka 2024 Japani ikampa Praemium Imperiale, moja ya tuzo kubwa kabisa za sanaa duniani. Mwaka 2023, Paris ilipoadhimisha miaka 50 tangu Picasso afariki, jumba la makumbusho la Picasso lilimkaribisha. Alichofanya ni kuziondoa au kuzifunika kazi nyingi za mzee huyo na kuleta vitu vya nyumbani kwake mwenyewe: samani, picha, vitu vidogovidogo vya miaka yote, vimeorodheshwa kama mali za marehemu, na yeye yuko hai anatembea.

Ila si kila kazi yake ni ya machozi yake. Mwaka 1986 aliwauliza watu waliozaliwa vipofu uzuri kwao ni nini. Akaweka sura zao, majibu yao, na picha za vitu walivyovitaja. Mmoja alitaja bahari. Miaka 25 baadaye, mwaka 2011, akaenda Istanbul, mji uliozungukwa na maji, akawatafuta wakazi ambao hawajawahi kuiona bahari. Akawapeleka ufukweni, akawapiga video kwa nyuma wakiwa wanatazama. Kisha, wakiwa tayari, wanageuka na kutuonyesha macho yao. Haulizi kitu. Anasubiri wageuke wenyewe.

NILICHOFANYA MIMI

Nilipofunga vitabu nilimpigia simu mtu wangu wa zamani. Sikutaka turudiane, na hatujarudiana. Nilimwomba radhi kwa skrinshoti. Kwanza alinyamaza, kisha akasema meza ile ya chakula hajairudia mpaka leo, huwa anakula peke yake ndani ya gari. Hilo limebaki na mimi kuliko meseji yenyewe.

Kisha nikaiba mbinu ya Delhi. Jumapili moja nilikwenda kwa shangazi yangu, mwanamke mkavu, wa kusali na kufuga kuku, ambaye hatujawahi kuzungumza naye mambo haya. Nikamsimulia yangu, bila kutaja jina. Kisha nikamuuliza, "Shangazi, shikamoo yangu ya pili hii, usinikasirikie. Wewe ni lini uliumia kuliko siku zote?"

Aliendelea kuchambua mchele. Nikadhani hatajibu. Halafu akaanza kusimulia habari ya kijana mmoja, kabla ya marehemu mjomba, na barua iliyokuja ikasomwa na mtu mwingine kabla yake, nyumbani kwao, mbele ya watu. Alisema, "Barua mwanangu haikuniuma. Iliniuma kwamba wote waliijua kabla yangu." Ana miaka 68. Hajawahi kumwambia mtu.

Nikamsaidia kuchambua mchele mpaka ukaisha.

DONDOO: MAMBO YA KUIBA KWA SOPHIE, NA MOJA LA KUMWACHIA

1. Jiwekee kanuni. Ukiachwa, usiseme "nitalia mpaka nitakapochoka". Panga: nitaisimulia kwa watu kadhaa, kwa muda fulani, kisha nitaifunga.

2. Ukisimulia yako, uliza na ya mwenzako. Utashangaa watu uliowaona wagumu wamebeba nini.

3. Andika bila kulia. Saa ngapi, chumba gani, simu ya rangi gani. Maelezo makavu yanapooza moto kuliko matusi.

4. Ondoa jina. Ukitaka ushauri juu ya meseji, isome kwa mdomo au iandike upya. Rafiki wa kweli hahitaji kuona picha yake ndipo akushauri.

5. La kumwachia: kijitabu cha 1983. Simu ya mwenzako, shajara yake na siri za ndugu zake si zako, hata kama vimeanguka miguuni pako.

Mpaka mwezi ujao, msomaji wangu. Na nikikuambia ujitunze, mimi simaanishi vile.